Jinsi ya Kupapasa Simu Katika Mji wa Kufinya

Kuna hadithi ambayo mtoto wa Kakamega huisikia kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Inasemekana Wazungu walipofika huku waliandaliwa obusuma, ule ugali wetu mgumu unaosimama wenyewe kwenye sahani. Wakaona aibu kutia mkono mzima. Wakawa wanadonoa kwa ncha za vidole viwili, kipande kama punje, tena kipande kama punje, na wenyeji wakakitazama kituko hicho na kukipa jina: kakameka, yaani kufinya. Jina likaganda kwenye mji. Wenye kupenda kubishana kuhusu ukweli wa hadithi hii wabishane. Mimi ninachoshika ni kwamba mji wangu ulipata jina kwa sababu ya vidole, na vidole ndivyo vilivyonileta kwenye mada.

Sasa sikiliza Mkenya akimwelekeza mwenzake kwenye simu. Hasemi "bonyeza", ingawa mwalimu alimfunza hivyo. Husema "finya". Finya moja. Finya nyota. Finya reli, halafu finya pale kwa kijani. Kwa hiyo simu ya vitufe, ile tuliyoiita mulika mwizi kwa sababu ya tochi yake, mara katululu, mara kabambe, ni mzaliwa wa Kakamega kwa jina na kwa ukoo, hata kama ilitoka kiwandani ng'ambo. Ile nyingine, ya kioo kitupu, ndiyo mgeni. Watanzania huiita simu ya kupangusa. Vijana wa stendi huiita simu ya kutachi. Mimi huiita simu ya kupapasa, na punde nitaeleza kwa nini jina hilo ni uongo mtupu.

Mwongozo huu ni wa yeyote aliyeamua kuacha kufinya na kuanza kupapasa. Umeandikwa na mtu aliyepitia hatua zote kwa miguu yake, kwa vidole vyake na, kama utakavyoona, kwa pua yake. Zifuate kwa mpangilio.

MAHITAJI

Simu moja ya kupapasa. Kama huna pesa taslimu, usijali: tangu 2020 kuna mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ulioanza na shilingi 20 kwa siku. Ukikosa kulipa, simu hufungwa. Kabambe haijawahi kumnunia mtu kwa sababu ya deni, lakini huo ni ushamba wake.

Protekta mbili: moja ya kubandika leo, nyingine ya kubandika kesho jioni.

Kitambaa safi cha pamba, kisichotumika kwa kazi nyingine yoyote, hata kama mtoto ana mafua.

Juala la mkate. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, ila karatasi ya mkate iliponea. Ihifadhi. Utanikumbuka mvua ikija.

Pua moja, iliyo katika hali nzuri.

HATUA YA 1: USIWE GIZANI

Mtu hupapasa lini? Gizani. Stima ikipotea saa mbili usiku pale Amalemba, unapapasa ukuta kutafuta mlango, unapapasa meza kutafuta kibiriti, unapapasa kitanda kuhakikisha mtoto yupo. Kupapasa ni kuona kwa vidole. Basi chukua simu yako mpya, fumba macho, uipapase. Unahisi nini? Kioo. Juu kioo, chini kioo, kushoto kioo, kulia kioo chenye ufa. Moja haina tofauti na tisa. Mahali pa kupokea simu papo, ila ni macho tu yanayopajua. Tumechukua kifaa kisichopapasika hata kidogo, tukakipa jina la kupapasa.

Kabambe, kwa upande wake, ina kijinundu juu ya namba tano. Wapo walioishi nacho miaka ishirini bila kukiona, kwa sababu hakikuwekwa kionwe. Kidole gumba kikikigusa, tayari kimefika nyumbani: mbili iko juu, nane iko chini, nne kushoto, sita kulia. Asiyeona anapiga simu, na anayeona anafaidika bure. Ni kweli simu za kioo nazo zina programu ya kusoma kwa sauti kila kinachoguswa, na kuna wasioona wanaoitumia kwa ustadi wa ajabu. Lakini hiyo ni simu inayosema. Kupapasika bado haipapasiki.

Kwa hiyo epuka giza. Likikukuta, utahitaji tochi. Kuipata tochi, amsha kioo, chora mchoro wako wa siri, kosea, chora tena, vuta pazia kutoka juu, tafuta alama ya kurunzi kati ya alama kumi na mbili zinazofanana. Nokia 1100, iliyotoka 2003, ilikuwa na tochi utosini, na vitufe vyake vilikuwa mpira wa kipande kimoja ili vumbi lisipenye. Zaidi ya milioni 250 ziliuzwa duniani. Aliyeibuni alikuwa amekaa akawaza kuhusu watu wenye vumbi na giza. Sisi, yaani. Ungefinya mara moja na mwizi angekuwa ameshamulikwa, ameshatajwa jina, na ameshaulizwa kuhusu wazazi wake.

HATUA YA 2: JIFUNZE KULA UPYA

Hatua hii ndiyo inayowashinda wengi, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Mluhya hula kwa mkono. Kuku ni wa wageni na Jumapili. Siku nyingine ni mboga, na mboga yenyewe mara nyingi ni mrenda. Asiyeujua mrenda ajue hivi: huvuta. Ukiinua tonge, uzi wa kijani unakufuata kutoka sahani hadi kidevu, na usipojua kuukata kwa mzunguko wa kifundo cha mkono, utakufuata hadi kwenye shati. Sasa, ipo kanuni ya maumbile inayosema simu haiti mtu aliyekwisha kunawa.

Nilikuwa katika hoteli moja karibu na stendi, tonge limeshaloweka, simu ikaita. Jina kwenye kioo: Khotsa. Mjomba wangu, ndugu ya mama. Kwetu khotsa hapuuzwi. Ndiye atakayesimama siku ya mahari, na ndiye atakayekumbusha umma siku ya matanga kwamba hukupokea simu yake. Mkono wa kulia ulikuwa wa kijani hadi kwenye viungo. Wa kushoto ulikuwa umeshika mfupa. Nikajaribu kwa kifundo cha kidole, kioo kikateleza. Nikajaribu kwa kiwiko, simu ikasogea ukingoni mwa meza. Nikainama mbele ya wateja wote, nikapokea kwa ncha ya pua.

Pua ilifanya kazi. Tatizo la pua ni kwamba haichagui. Ilipokea, ikateleza, ikawasha spika, na hoteli nzima ikamsikia khotsa akiuliza ile elfu tatu nitairudisha lini.

Sababu ya pua kufaulu ni ya kisayansi. Chini ya kioo kuna utando mwembamba usioonekana, wa mchanganyiko wa madini ya indiamu na bati, wenye chaji ndogo ya umeme. Mwili wa binadamu una maji na chumvi, hivyo hupitisha umeme. Ukikigusa kioo, unavuta kiasi kidogo cha chaji hiyo na simu inahesabu ni wapi imepungua. Haijali kama ni kidole, pua au ulimi. Inataka nyama yenye unyevu. Mwaka 2010 ziliripotiwa habari kutoka Korea Kusini za watu waliokuwa wakitumia soseji kugusa simu zao wakati wa baridi, ili wasivue glavu. Nimewaza sana juu ya habari hiyo. Kwa hesabu zilezile, kipande cha paja la kuku kingefaa pia. Lakini sijawahi kumwona Mluhya aliye tayari kupoteza paja la kuku kwa ajili ya simu, hata ikiwa inaita kutoka Ikulu.

Muhtasari wa hatua hii: mkono wa kulia ni wa ugali, wa kushoto ni wa simu, na ukishikwa na mfupa, pua. Mwenye kabambe hufinya kitufe cha kijani kwa kifundo cha kidole kichafu, huongea, kisha huipangusa kwenye suruali. Hana adabu, lakini hana deni la kioo.

HATUA YA 3: FANYA AMANI NA MVUA

Msitu wa Kakamega hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mji haujaachwa nyuma. Asubuhi ni jua la kuanikia mahindi. Alasiri mbingu zinafunguka bila kubisha hodi.

Tone la maji nalo hupitisha umeme. Kwa hiyo mvua ikinyesha juu ya kioo, simu huona vidole: kumi, ishirini, mia. Mawingu yanaipapasa. Picha zinajifungua, mtu uliyeachana naye 2019 anapigiwa, na mwanga unapungua mpaka huoni unachokosea. Siku moja pale Lurambi nilishuka kwenye bodaboda nikitaka kulipa nauli ya shilingi mia moja kwa simu. Nikaandika moja, sifuri, sifuri. Tone likaanguka penye sifuri. Mwendeshaji, aliyekuwa akichungulia begani mwangu, alinitazama kwa upendo ambao sijawahi kuuona kwa mtu asiye wa ukoo.

"Mkubwa," akasema, "Mungu akubariki."

Nikamwambia asubiri kwanza, nikafuta, tukaingia kwenye kibaraza cha duka kama wezi wawili, nikaanza upya ndani ya juala la mkate. Kupitia juala kioo husikia kidogo, husikia kwa shida, kama babu anayejifanya kiziwi, lakini husikia.

Ili kuwatendea haki, waliobuni kioo cha kugusa hawakutukusudia mabaya. Mwingereza E. A. Johnson alieleza wazo hilo mwaka 1965, akiwa katika kituo cha utafiti wa rada huko Malvern, na kazi aliyoilenga ilikuwa kuongoza ndege. Picha yake ni mtu aliyekaa kitini, ndani ya chumba kikavu, macho yake hayaachi kioo. Katika picha hiyo hakuna bodaboda. Hakuna mrenda. Hakuna khotsa.

HATUA YA 4: MTAFUTIE MAMA VIDOLE VINGINE

Mama yangu amelima miaka arobaini. Vidole vyake vina sugu ngumu kama gamba la muwa, na ni sugu hizo zilizolipa karo yangu. Krismasi moja nilimpelekea simu ya kupapasa, nikamwekea picha za wajukuu, nikamwonyesha mahali pa kugusa. Akagusa. Simu ikanyamaza. Akagusa tena, kwa adabu. Kimya. Akagonga kama mtu anayebisha hodi kwa jirani aliyemkopa. Kimya. Nikagusa mimi, na vidole vyangu laini vya kalamu. Simu ikaruka kama mbwa aliyemwona bwana wake.

Mama akaigeuza, akaitazama mgongoni, akaniuliza, "Baba, hii yenu huwa haioni watu wa jembe?"

Haioni, Mama. Ngozi nene na kavu haipitishi umeme wa kutosha, kwa hiyo simu humhesabu mtu wa namna hiyo kuwa hayupo. Mkata miwa anaweza kusimama juu ya simu ya kupapasa siku nzima akaonekana kama mzimu. Suluhisho linalotumika vijijini ni kulamba kidole kwanza, kama mhasibu anayehesabu noti. Linafanya kazi. Ila usilichanganye na Hatua ya 2.

Kitufe hakikuulizi una ngozi gani. Kinataka uzito, na uzito mama yangu anao.

HATUA YA 5: USIANDIKE BILA KUTAZAMA

Walioandika kwa vitufe wanajua siri hii hata kama hawajawahi kuihesabu. Neno "habari" huhitaji mifinyo 12 na kusubiri mara mbili, kwa sababu a, b na a zote zinalala kwenye kitufe cha mbili: finya, ngoja, finya finya, ngoja, finya. "Mulembe", salamu yetu, ni mifinyo 13 na hakuna kungoja hata mara moja. Inatiririka kama mto Isiukhu. "Nakupenda" ni mifinyo 14, nayo haina kituo. Kizazi kizima kiliiandika chini ya dawati, macho yakiwa ubaoni, uso umekunjwa kana kwamba hesabu za pembetatu zinauma. Mwalimu aliona mwanafunzi makini. Kidole gumba kilikuwa kinaposa.

Jaribu hilo kwenye kioo. Utamtumia mwalimu mwenyewe.

Tena kioo kina elimu kukushinda. Ukiandika jina la mtaa, kinakusahihisha. Ukiandika "kukhu", yaani nyanya yako mzaa baba au mzaa mama, kinapiga mstari mwekundu chini yake kama mwalimu wa zamani mwenye njaa. Kinakushauri ubadilishe nyanya.

HATUA YA 6: KWENYE MAFAHALI, CHAGUA MOJA

Siku ya kupiganisha mafahali Khayega au Malinya, ngoma za isukuti zikilia na umati ukifoka, utashawishika kurekodi. Fahamu kwamba kwenye kioo fahali ni mdogo, yuko mbali, na anapendeza. Hiyo ndiyo hali yake mpaka atakapofika. Mwenye kabambe mfukoni huwa wa kwanza kuruka ua, kwa kuwa alikuwa anamtazama fahali, si picha ya fahali.

HATUA YA 7: FICHA NAMBA YAKO YA SIRI, UKIWEZA

Kukhu wangu anaishi upande wa Shinyalu. Kabambe yake imefinywa mpaka namba zimefutika. Vitufe vimebaki vyeusi vitupu, laini kama kokoto za mtoni. Nilipomtembelea mwezi wa Agosti alikuwa na jirani, mama mmoja mwenye macho makali na sifa ya kuyatumia. Wakawa wanazungumza kuhusu mahindi ambayo tumbili wa msituni wamemaliza. Katikati ya mazungumzo kukhu akakumbuka kumtumia shilingi mia tano mjukuu wake anayesoma Chuo Kikuu cha Masinde Muliro.

Hakusema kitu. Mkono wake uliingia chini ya leso pamoja na simu. Juu ya leso, mdomo uliendelea na tumbili. Chini ya leso, nilisikia: tik, tik, tik-tik. Macho yake yalishuka mara mbili tu, mara ya kwanza kulithibitisha jina, mara ya pili kusoma ujumbe kwamba pesa zimefika. Namba ya siri aliifinya akimtazama jirani usoni, akimwuliza kama mbwa husaidia.

Nami, kwa kiburi cha msomi, nikaomba nimsaidie kutuma nyingine. Akanipa simu. Nikavitazama vile vitufe vyeusi, nikaanza kuhesabu kwa kidole kuanzia pembeni, moja, mbili, tatu, kama mtoto wa chekechea. Kukhu akaitwaa simu yake polepole.

"Mjukuu wangu," akasema, "wewe hutuma pesa kama mtu anayetoa tangazo redioni."

Ni kweli. Mimi nikitoa namba ya siri kwenye kioo, lazima nitazame. Nikitazama, lazima kioo kiwe kimewaka. Kikiwaka, matatu nzima kutoka Mumias inatazama pamoja nami. Vidole vyangu vinaonekana vinakokwenda. Hata nikimaliza, alama zinabaki: watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha mwaka 2010 kwamba mafuta yanayoachwa na vidole juu ya kioo yanaweza kufichua mchoro wa kuifungulia simu. Na hao walikuwa wanachunguza vidole vya kawaida. Hawakuwahi kuona kioo cha mtu aliyetoka kula mrenda.

Maelekezo ya hatua hii, basi: nunua leso. Kisha utagundua kwamba chini ya leso kioo hakikusaidii, na utakuwa tayari kwa hatua ya mwisho.

HATUA YA 8: NUNUA KABAMBE

Hujashindwa. Umehitimu. Waangalie wenye maduka, wenye bodaboda, makarani wa kaunti, hata wahadhiri: simu mbili. Kubwa ya kioo imelala juu ya meza, kifudifudi, kama mgeni rasmi. Ndogo iko mfukoni, inafanya kazi. Ya kwanza ni ya kundi la WhatsApp la kamati ya mazishi, ni ya picha, ni ya kumwona mpwa wako aliyezaliwa Doha akipiga miayo. Hayo kabambe haiyawezi, na atakayekuambia vinginevyo hajawahi kuwa na mpwa Doha. Ya pili ni ya mvua, ya giza, ya shamba, ya pesa, ya siku tatu bila chaji.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

Je, kufinya si mambo ya kale?

M-Pesa ilizinduliwa tarehe 6 Machi 2007. iPhone ya kwanza iliingia madukani Marekani tarehe 29 Juni mwaka huohuo, siku 115 baadaye. Kwa hiyo Wakenya walikuwa wakitumiana pesa kwa vitufe, kijiji kwa kijiji, wakati Marekani ikisubiri kioo chake cha kwanza cha Apple. Steve Jobs, alipokitambulisha mwezi wa Januari, alilalamika kwamba vitufe vya simu hukaa palepale, uvihitaji usivihitaji. Ndiyo, mzee. Hiyo ndiyo raha yake. Kukhu anavikuta vilipo.

Je, si watu wa vijijini tu wanaong'ang'ania vitufe?

Agosti 2017 manowari ya Marekani, USS John S. McCain, iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore, na mabaharia 10 wakafa. Uchunguzi ulipofika kwenye usukani wa vioo vya kugusa na jinsi ulivyowachanganya mabaharia, jeshi la majini la Marekani lilitangaza mwaka 2019 kwamba litarudisha mikono ya kushika na kusukuma. Nao Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari Ulaya, wameweka sharti kuanzia 2026: gari linalotaka nyota tano kamili liwe na vitufe au swichi za kushikika kwa kazi kama viashiria, wipa na honi. Mwendeshaji wa bodaboda wa Lurambi hakuwahi kuitoa honi yake kwenye kidole gumba. Alikuwa anawasubiri.

Kioo changu kimepasuka. Nifanye nini?

Hongera. Sasa unaweza kupapasa. Ufa ndio sehemu pekee ya kioo ambapo kidole huhisi kilipo.

Simu ya kupapasa itakuja kushinda?

Itashinda, na barabara imeshalainishwa: Oktoba 2023 kilifunguliwa kiwanda huko Athi River cha kuunganisha simu za kioo kwa bei ya chini. Sina ugomvi na hilo. Ningeomba tu waundaji waniwekee kitu kimoja pembeni, hata kiwe kidogo kama punje ya mtama: kitufe cha kupokea simu, kinachofinyika.

Mpaka hapo, msomaji, tuelewane. Ukiwa na picha, video au mwaliko wa kamati, nitumie kwenye namba kubwa. Lakini ukinihitaji kweli, mvua ikiwa inanyesha, stima imepotea, na mimi niko kwenye ugali, piga ile namba ndogo. Finya tu. Nitapokea.